Ganda la sailensa: chuma cheusi, chuma kilichochovywa alumini au stenlesi? Ulinganisho kwa mafundi na wenye magari wa Kigoma

Mteja akileta gari lenye sailensa iliyotoboka, ombi lake huwa lile lile: "Fundi, safari hii nitengenezee ya kudumu." Ombi ni la haki, ila jibu lake halifanani kwa kila gari. Ganda linalodumu kwenye Fuso inayokwenda Tabora kila wiki linaweza kuoza mapema kwenye Noah inayozunguka Mwanga na Ujiji. Na shiti ya bei kubwa ikichomelewa vibaya hupasuka kabla ya ile ya bei ndogo iliyochomelewa kwa uangalifu.

Hapa nalinganisha maganda matatu ambayo karakana ya kawaida ya mkoani kwetu inaweza kuyatengeneza au kuagiza vifaa vyake: la chuma cheusi, la chuma kilichochovywa alumini, na la stenlesi. Sizungumzii sana mabomba na kuta za ndani. Nazungumzia lile koti la nje linaloshikilia kila kitu na kuzuia moshi usitoke mahali pasipotakiwa.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo tangu mwanzo, kwa sababu watu wengi hupeleka gari kwa fundi kwa ajili ya kelele tu. Ganda likitoboka chini ya sakafu, moshi wenye kaboni monoksidi huweza kupanda ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na anayeivuta zaidi ni abiria wa viti vya nyuma, mara nyingi mama aliyempakata mtoto na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo ganda lolote utakalochagua, hata la bei ya chini kabisa, sharti la kwanza ni lisivuje.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo kinachosahauliwa ni maji yanayotoka ndani. Tunaangalia matope ya masika na kudhani kutu inaanzia nje. Ukweli ni kwamba kila lita ya petroli au dizeli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ganda likiwa bado halijapata joto, chini ya nyuzi 50 hivi, mvuke ule hugeuka maji humo humo. Maji hayo hushika gesi za nitrojeni na salfa zilizomo kwenye moshi na kuwa tindikali hafifu. Gari likitoka mjini hadi Kasulu, ganda hupata moto wa kutosha na maji yote hukauka. Likitoka Mwanga hadi mwaloni Kibirizi, likazimwa, likapakia dagaa, likarudi, linalala na maji tumboni. Ndiyo maana sailensa ya nyuma, iliyo mbali na injini na yenye baridi zaidi, huoza kabla ya ile ya mbele.

Kigezo cha pili ni joto na mtikisiko kwa pamoja. Sailensa ya nyuma mara nyingi haizidi nyuzi mia tatu au nne, kiwango ambacho chuma chochote kati ya hivi vitatu hukivumilia. Kinachoiua ni kutikiswa huku ina moto, hasa pale bomba linapoingia kwenye kifuniko na pale kishikio cha raba kilipochomelewa.

Cha tatu ni utengenezaji: una mashine gani, na mkono wako umezoea nini. Cha nne ni ukarabati: je, fundi wa Kibondo au Kaliua ataweza kuliziba likipasuka njiani? Cha mwisho ni gharama, nayo ihesabiwe kwa miaka ambayo ganda litakaa, pamoja na siku ambazo gari litalala karakana. Sitaji bei kwa shilingi maana shiti zetu nyingi hutoka Dar es Salaam na bei hubadilika na nauli.

Ganda la chuma cheusi

Hii ndiyo kazi ya kila siku. Shiti nyeusi ya geji 16, yenye unene wa milimita 1.5 hivi, au geji 18 yenye 1.2, inazungushwa kuwa mviringo, inachomelewa mshono mmoja wa urefu, kisha vifuniko viwili.

*Maji na kutu.* Hapa ndipo penye udhaifu wake. Chuma cheusi hakina kinga yoyote ndani, na rangi unayopiga nje, hata ile ya silva ya kustahimili joto, haigusi upande unaooza. Unene ndio kinga pekee: kutu ina safari ndefu zaidi kwenye geji 16 kuliko kwenye geji 20. Lakini kuna mambo mawili yasiyogharimu kitu ambayo huongeza maisha yake sana. Mshono wa urefu uwekwe juu, usiwekwe chini maji yanapotuama. Na utoboe tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa, karibu na kifuniko cha nyuma, ili maji yatoke gari likiegeshwa. Tundu hilo dogo halileti kelele ya kusikika. Mteja akiuliza kwa nini umetoboa kitu kipya, mweleze.

*Joto na mtikisiko.* Hapa linasimama imara. Ugumu wa shiti dhidi ya kupinda hupanda kwa mchemraba wa unene wake, kwa hiyo geji 16 ni ngumu karibu mara mbili ya geji 18 ingawa tofauti ni milimita 0.3 tu. Ganda nene halipigi ngoma kwenye makorongo, na likigonga jiwe hubonyea bila kuchanika. Adhabu yake ni uzito. Ganda la kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 45, pamoja na vifuniko, lina kilo 2.9 hivi kwa geji 16 na 2.3 kwa geji 18, kabla hujaweka mabomba. Raba za kuning'inizia nazo ziwe nzima kubeba mzigo huo.

*Utengenezaji.* Hakuna rahisi kuliko hili. Mashine ya kawaida ya kuchomelea, vijiti vya milimita 2.5 (au 2.0 kwa geji 18), grainda, na bomba nene la kuzungushia shiti kama huna rola. Ukitengeneza nyingi, panga ukataji kabla ya kuwasha grainda. Kwa ganda la vipimo nilivyotaja unahitaji kipande cha sentimita 49 kwa 45, ukiweka sentimita moja na nusu ya kupandiana. Shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande kumi vya namna hiyo. Inabaki mikanda miwili: mmoja wa sentimita 24 kwa upana ukienda urefu wote wa shiti, mwingine mfupi wa sentimita 19. Vifuniko vya sentimita 17, yaani 15 pamoja na mdomo wa kukunja wa sentimita moja pande zote, vinatoka 14 kwenye mkanda mrefu na 5 kwenye mfupi. Jumla 19, na maganda kumi yanataka 20. Kwa hiyo hesabu shiti moja kuwa sailensa tisa kamili, na ganda la kumi lisubiri kifuniko kutoka shiti inayofuata.

Kwa nini nahangaika na mdomo wa kukunja? Kwa sababu kifuniko bapa kikichomelewa ukingoni, weldi inakaa kwenye kona yenyewe, mahali panapopinda zaidi gari likitikisika. Mdomo ukikunjwa, kona inakuwa chuma kizima na weldi inahamia pembeni, kwenye ukuta ulionyooka. Kuukunja kunahitaji nyundo, kiolezo cha mviringo cha chuma kinene na uvumilivu kidogo. Kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine kwenye sailensa inayolipa vizuri kama hiyo.

*Ukarabati na gharama.* Fundi yeyote mwenye jenereta anaweza kuliziba, kuanzia Kakonko hadi Urambo. Kulitengeneza ni bei ndogo kuliko yote matatu, ila utalirudia.

*Linamfaa* mwenye gari la safari ndefu linalopata joto kila siku, mwenye lori la barabara mbovu, na yeyote anayefanya kazi mbali na mji.

Ganda la chuma kilichochovywa alumini

Huu ni chuma kile kile cheusi, lakini kiwandani kimepitishwa kwenye alumini iliyoyeyuka yenye silikoni kidogo. Kinatoka na ngozi nyembamba pande zote mbili, mikroni 20 hivi kila upande. Sailensa nyingi za kubadilishia zinazouzwa madukani hutengenezwa hivi.

*Maji na kutu.* Ngozi ile hulinda ndani na nje, jambo ambalo rangi haiwezi. Kwa gari la mjini tofauti na chuma cheusi ni kubwa. Udhaifu uko pale ngozi inapokatika: kwenye ukingo uliokatwa na kwenye kila weldi. Ukilichomelea kama unavyochomelea chuma cheusi, umenunua kinga kisha ukaiunguza kwenye mstari ule ule unaoshambuliwa na maji.

*Joto na mtikisiko.* Ngozi huvumilia hadi nyuzi 650 hivi, zaidi ya mahitaji ya sailensa ya kati na ya nyuma. Kwa kuwa shiti hizi kwa kawaida ni nyembamba, ganda la tabaka moja hupiga ngoma. Viwanda huzungusha tabaka mbili, moja juu ya nyingine, ili kuua mlio.

*Utengenezaji.* Njia sahihi ni kufunga mshono kwa mkunjo, bila moto. Na hapa tuna utajiri ambao mafundi wa kuchomelea hatuuthamini vya kutosha: mafundi bati wa sokoni, wale wanaotengeneza ndoo, makarai na masanduku ya wanafunzi. Mkunjo wa kufungana wa ndoo isiyovuja ndio mkunjo unaotakiwa kwenye sailensa, mshono wa urefu na wa vifuniko pia. Fundi bati na fundi wa ekzosi wakikaa pamoja, weldi inabaki mahali pawili tu, pale bomba linapoingia na linapotoka. Hapo unasugua mabaki ya weldi baada ya kuchomelea na kupiga rangi ya alumini ya joto. Shiti isizidi milimita moja, vinginevyo mkono hautaweza kuukaza mkunjo. Umbo la yai hutoka vizuri kwa njia hii, na huongeza nafasi chini ya gari kwenye barabara zenye matuta ya katikati.

*Ukarabati na gharama.* Mkunjo ukifumuka, fundi wa njiani ataupiga weldi na kinga ya eneo hilo itakwisha. Ni sawa kwa kufika nyumbani. Shiti yenyewe lazima uiagize, na ukiletewa hakikisha hujauziwa bati la zinki. Kwa macho hivi viwili vinafanana sana.

*Linamfaa* mwenye daladala, teksi au gari la ofisi linalozunguka mjini, na karakana inayotaka kutengeneza sailensa za aina moja nyingi kwa wakati.

Ganda la stenlesi

Kuna stenlesi mbili za kuzungumzia. Ya 409 ina kromiamu asilimia 11 hivi na titani kidogo, na ndiyo viwanda vya magari huitumia zaidi kwenye ekzosi. Ya 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8. Sumaku hushika ya 409 na kwa kawaida haishiki ya 304. Kwa hiyo anayetupa shiti ya 409 akidai ni feki kwa sababu imeshika sumaku anapoteza mali nzuri.

*Maji na kutu.* Ya 409 hugeuka kahawia juu juu, na wenye magari hulalamika, lakini kutu hiyo haizami haraka. Ya 304 hubaki safi. Ziwa letu ni la maji baridi, na hili ni jambo la kushukuru: hofu ya upepo wa chumvi waliyo nayo wenzetu wa pwani haituhusu. Chumvi yetu inakuja kwa njia nyingine. Malori yanayobeba magunia kutoka Uvinza hudondosha vumbi la chumvi, na pikapu za samaki hudondosha maji ya migebuka iliyotiwa chumvi, moja kwa moja juu ya ganda lenye moto. Chumvi na moto kwa pamoja hutoboa hata 304, vitundu vidogo vyenye kina. Hakuna chuma kati ya hivi vitatu kinachopenda hali hiyo. Dawa ni kufunga kipande cha bati juu ya sailensa kuzuia matone, na kuosha chini ya gari.

*Joto na mtikisiko.* Kwa joto, stenlesi zote mbili zinapita chuma cheusi. Ila ya 304 hutanuka zaidi. Bomba la mita moja likipanda nyuzi 400, la chuma cheusi au la 409 hurefuka kama milimita 5, la 304 kama milimita 7. Ukiunganisha ganda la 304 na flenji ya chuma cheusi na kulifunga pasipo raba ya kucheza, nguvu yote ya kutanuka inaishia kwenye weldi.

*Utengenezaji.* Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Stenlesi hujikunja inapochomelewa kwa sababu joto halisambai haraka, kwa hiyo piga vidoti vya karibu karibu kwanza, kisha chomelea vipande vifupi ukihama upande. Mashine ya gesi ya agoni (argon, gesi inayokinga weldi isiungue) hutoa kazi bora, na ukiweza ingiza agoni na ndani ya ganda, kwa sababu upande wa nyuma wa weldi usiokingwa huungua na kubaki madonge meusi yanayoshika kutu. Huna agoni? Vijiti vya stenlesi kwenye mashine ya kawaida vinawezekana: 308L kwa 304 yenyewe kwa yenyewe, 309L unapounganisha stenlesi na chuma cheusi. Kwa 304 tafuta yenye herufi L, yaani kaboni isiyozidi asilimia 0.03, maana ya kawaida ikikaa sana kati ya nyuzi 450 na 850 hupoteza kinga yake kando ya weldi. Diski na brashi ziwe za stenlesi peke yake. Ukitumia zilizosugua chuma cheusi unapanda mbegu za kutu mwenyewe. Na fungua milango: moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu yenye sumu kwa mapafu.

*Ukarabati na gharama.* Gharama ya kuanza ni kubwa kuliko zote. Likipasuka Nguruka usiku, fundi atakayepatikana huenda ana vijiti vya chuma cheusi tu, na weldi hiyo itakufikisha mjini lakini haitakaa. Weka vijiti vichache vya 309L ndani ya gari.

*Linamfaa* mwenye gari atakayekaa nalo miaka mingi, na gari lolote ambalo kulilaza karakana ni hasara kubwa, kama la wagonjwa.

Yasiyo kwenye ulinganisho, na sababu zake

Bati la zinki liache kabisa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na ukichomelea huwa moshi mweupe unaoleta homa ya kutetemeka saa chache baadaye. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayazuii homa hiyo. Pipa la mafuta la lita 200 lina shiti nzuri ya bure, lakini lililokuwa na petroli hulipuka likiguswa na grainda hata kama linaonekana kavu. Mtu akikuletea pipa la namna hiyo ulikate, mkatalie.

Masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter), nayo yana sheria zake. Ganda la masega hupata joto kubwa zaidi, chuma cheusi humo hubambuka magamba, na jiwe la ndani linashikwa na mkeka unaotanuka kufuata ganda. Hapo tumia stenlesi pekee, ya 409 inatosha, usiutoe mkeka, na urudishe kinga ya joto ya chini. Gari likiegeshwa juu ya nyasi kavu za miombo ya Kaliua mwezi wa Agosti, kinga hiyo ndiyo inayozuia moto.

Kuchagua kwa hali yako

Daladala au teksi ya mjini, safari fupi na kuzimwa mara kwa mara: chuma kilichochovywa alumini, mshono wa mkunjo, tundu la maji. Ukikosa shiti hiyo, 409 ndiyo inayofuata. Chuma cheusi kiwe cha mwisho, na kiwe geji 16.

Fuso au basi la Kigoma–Tabora au Kigoma–Kibondo: chuma cheusi geji 16, mviringo, mdomo wa kifuniko uliokunjwa. Kishikio kichomelewe juu ya kipande cha ziada cha shiti, kisichomelewe moja kwa moja kwenye ganda.

Lori la chumvi au pikapu ya samaki: kinga ya matone kwanza, chuma baadaye. Kama hutaki kufunga kinga, baki na chuma cheusi kinene unachoweza kukibadilisha bila uchungu.

Gari binafsi la petroli linalotumika kidogo: 409 kama fedha ipo. Kama haipo, chuma cheusi, na mara moja kwa wiki liendeshe walau nusu saa mfululizo, mpaka Mwandiga na kuendelea, ganda likauke.

Karakana inayoanza na haina agoni: anza na chuma cheusi, tengeneza kiolezo kizuri cha vifuniko, kisha mtafute fundi bati wa jirani mjaribu mkunjo kwenye shiti nyembamba kabla hamjaagiza ile ya alumini. Kupima kama linavuja, kabla ya kutoboa tundu la maji, ziba mdomo mmoja wa ganda, lijaze maji hadi juu, ziba na mdomo wa pili, kisha lilaze kwenye karatasi kavu. Karatasi ikilowa, rudini kwenye mshono.